Kufundisha Uchomoaji wa Flashi Darasani

Mwanachuo aendapo shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, aghalabu hukuta kompyuta moja au mbili na wanafunzi 60. Kwa sababu hiyo vipindi vya kompyuta huishia katika kutaja sehemu za mashine. Makala haya yakusudia kuonyesha jinsi jambo moja, yaani kuchomoa flashi kwa utaratibu, liwezavyo kufundishwa katika kipindi cha dakika 40 pamoja na sababu yake.

Jambo lenyewe ni dogo, lakini hasara yake si ndogo. Alama za muhula mzima za Darasa la Sita zaweza kuwamo ndani ya kijiti kisichozidi urefu wa kidole. Zikipotea, mtoto aliyejitahidi hana pa kudai haki yake, wala hakuna atakayemsadiki akisema alipata 38 kati ya 50.

Mwalimu mgeni hupenda kutoa amri: “Msichomoe flashi ovyo, itaharibika!” Watoto huitikia, kisha jioni mmoja wao humwona kaka yake akiichomoa vivi hivi, nayo isiharibike. Tangu hapo neno la mwalimu limepungua uzito. Tena mtoto huyo hakuona vibaya. Toleo la Windows 10 lililotolewa mwishoni mwa mwaka 2018 lilibadili mpangilio wa kawaida ili flashi iweze kuchomolewa upesi, mradi kompyuta haiandiki kitu wakati huo. Kompyuta zenye mpangilio wa zamani, na nyingi zinazotumia Linux, huweza kuchelewesha uandishi bila mtumiaji kujua. Basi mwalimu na aseme kweli: mara nyingi haidhuru, ila hatuna njia ya kuijua mara itakayodhuru.

Sababu ni hii. Uiamurupo kompyuta ihifadhi faili, si lazima iliandike papo hapo. Flashi huandika polepole. Kwa hiyo kompyuta huziweka habari kwanza katika kumbukumbu yake ya muda, ikaonyesha kwamba kazi imekwisha, kisha ikazipeleka kidogo kidogo. Zaidi ya hayo, ndani ya flashi mna orodha ionyeshayo kila faili limewekwa wapi. Orodha hiyo ikikatizwa inapoandikwa, hata mafaili ya zamani huenda yasionekane, ijapokuwa hayakuguswa.

Maelezo haya ni mazito kwa mtoto wa miaka 11, lakini mchezo huyafanya mepesi, nao hauhitaji umeme. Weka meza mbele ya darasa na kasha karibu na mlango. Mtoto mmoja awe karani. Wenzake watano wamletee barua. Kila mmoja aambiwe “Imepokelewa,” arudi kuketi. Karani azipeleke kashani moja moja, akiandika kila barua katika daftari lililomo humo. Barua mbili zingali mezani, wewe mwalimu libebe kasha utoke nalo nje. Ukirudi, uliza: Barua za nani zimo? Daftari lasemaje? Aliyeambiwa “Imepokelewa” alidanganywa? Swali hili la mwisho huleta mabishano. Usiyakatize, maana ndipo somo lilipo. Kisha mchezo urudiwe, na safari hii umwulize karani kwanza kama amemaliza, ungoje mpaka afunge daftari na kusema “Tayari.”

Baada ya hapo nendeni kwenye kompyuta. Watoto wafunge kwanza faili walilokuwa wakilitumia. Katika Windows, watazame pembe ya chini kulia, karibu na saa, watafute picha ndogo ya flashi. Pengine imefichwa nyuma ya kishale. Wabofye, wachague jina la flashi yao, wangoje ujumbe. Kwa kuwa ujumbe huo mara nyingi huja kwa Kiingereza, uandike ubaoni mapema pamoja na maana yake, la sivyo watoto watakariri picha tu. Kompyuta ikikataa kwa kusema flashi ingali inatumika, waulize: karani ana barua gani mezani? Watafute dirisha lililosahauliwa wazi, walifunge, wajaribu tena. Ikiendelea kukataa, kompyuta izimwe kwa utaratibu ndipo flashi itolewe. Taa ya flashi isiaminiwe peke yake, kwani yaweza kutulia hali kuna kazi inayongoja.

Watoto huuliza kama umeme utaiunguza flashi. Waonyeshe vipande vinne vya metali mdomoni mwa flashi ya kawaida: viwili vya kando ni virefu kuliko vya kati. Vya kando ni vya umeme, vya kati ni vya habari. Hivyo umeme hutangulia kuingia na huwa wa mwisho kutoka. Kinachohatarishwa hasa ni maandishi.

Waambie pia kwamba flashi iliyochomolewa vizuri huweza kupotea sokoni. Alama ziwe na nakala mahali pengine.

Katika kupima, usiulize “Taja hatua.” Uliza: “Asha amehifadhi hadithi yake, kengele imelia, kompyuta imekataa kuiachia flashi. Afanye nini, na kwa nini?” Mtoto akikujibu kwa habari za karani na barua badala ya mafaili, mpe alama zote.