Mgeni, Kisima na Bahari: Maji Matamu ya Visiwani Katika Msimu wa Utalii

Msafiri anayewasili pwani ya mashariki ya Unguja huona maji kila atazamapo. Bahari iko mbele ya dirisha lake, bustani ya hoteli inameremeta kwa majani mabichi, na bomba la kuogea halikauki. Ni vigumu kwake kufikiri kwamba yuko katika sehemu yenye uhaba wa maji. Hata hivyo, nyuma ya hoteli hiyo, katika ardhi ya mawe ambayo wenyeji huiita uwanda, maji yanayofaa kunywewa ni machache, nayo yamekaa juu ya maji ya chumvi kwa mizani iliyo rahisi kuvurugika. Makala haya yanaeleza mizani hiyo ni ipi, inavurugwaje, na ni kwa njia gani kisiwa kinaweza kupokea wageni bila ya kuwanyang'anya wenyeji kisima chao.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni majira. Unguja hupata mvua kubwa za masika kuanzia mwezi Machi hadi Mei, na mvua ndogo za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Wageni wengi wa Ulaya husafiri katika kiangazi cha kwao, yaani Juni hadi Agosti, wakati upepo wa kusi unapovuma na mvua ni haba. Kundi la pili huja baada ya Krismasi, kukimbia baridi ya kwao, na hilo nalo hukuta kaskazi yenye jua kali na ukavu. Wakati wa masika, mawingu yanapomwaga maji kwa wingi, mahoteli mengi hupunguza kazi au hufungwa kabisa. Kwa hiyo mvua na mgeni hupishana njiani. Laiti ardhi ingekuwa birika kubwa lisilovuja, jambo hili lisingekuwa na uzito. Lakini ardhi ya pwani hiyo si birika la namna hiyo.

Maji yanayoelea juu ya maji

Sehemu kubwa ya mashariki ya Unguja ni mawe ya chokaa yaliyotokana na matumbawe ya kale, yaliyoachwa nchi kavu bahari iliposhuka. Mawe hayo yana matundu, nyufa na mapango. Udongo juu yake ni mwembamba, na mara nyingi jembe hugonga jiwe kabla ya kuzama. Mvua inyeshapo, maji hayatiririki juu ya ardhi kufanya mito, bali huzama upesi kupitia nyufa. Yakifika chini hukutana na maji ya bahari, ambayo nayo yamepenya ndani ya mawe kutoka pwani.

Je, yanapokutana huchanganyika yote? La. Lita moja ya maji matamu ina uzito wa kilo 1, na lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa karibu kilo 1.025. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini yatosha kuyafanya maji matamu yaelee. Hukaa juu ya maji ya chumvi kama tabaka lililo nene katikati ya kisiwa na jembamba kuelekea pwani, lenye umbo la punje ya dengu. Kama ilivyo kwa merikebu, sehemu kubwa ya tabaka hilo imezama, na ni sehemu ndogo tu iliyo juu ya usawa wa bahari.

Kiasi kilichozama chaweza kukadiriwa kwa hesabu fupi. Nguzo ya maji ya bahari yenye kina cha mita 40 hulingana kwa uzito na nguzo ya maji matamu yenye kimo cha mita 41, kwa kuwa 40 mara 1.025 ni 41. Kwa hiyo, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba chini yake mita 40 nyingine za maji matamu. Kanuni hii hujulikana kwa majina ya Ghyben, Mholanzi, na Herzberg, Mjerumani, ambao kila mmoja aliieleza kwa njia yake. Inafaa kukumbuka kwamba andiko la Herzberg la mwaka 1901 lilihusu upatikanaji wa maji katika miji ya mapumziko ya pwani ya Bahari ya Kaskazini, ambako Wajerumani walikwenda kuoga baharini wakati wa kiangazi. Kanuni inayofundishwa leo katika elimu ya maji ya ardhini iliandikwa, basi, kwa ajili ya swali lile lile linaloulizwa sasa Nungwi, Paje na Jambiani: wageni watakunywa nini?

Upande wa pili wa kanuni hii ndio wenye hatari. Ikiwa mita 1 ya juu hubeba mita 40 za chini, basi kuondoa sentimita 25 za juu huweza hatimaye kupunguza mita 10 za chini. Tuseme kisima kipo mahali ambapo maji yamesimama nusu mita tu juu ya usawa wa bahari. Hapo tabaka la maji matamu chini ya usawa huo halizidi mita 20. Pampu ya umeme ikivuta kwa nguvu na kushusha maji kwa robo mita, nusu ya hazina hiyo imo mashakani. Zaidi ya hayo, chini kabisa ya kisima maji ya chumvi huinuka kama kichuguu kuufuata mdomo wa bomba. Kwa kweli mpaka kati ya maji mawili hayo haukukatika kama kwa kisu. Kujaa na kupwa kwa bahari huutikisa kila siku, na hivyo katikati yake pana tabaka la maji ya chumvichumvi. Kisima huanza kuharibika kabla ya mahali ambapo hesabu tupu ingeonyesha.

Wenyeji hawakuwa wageni wa mambo haya. Katika visima vilivyo karibu na ufuko, maji hupanda na kushuka kufuatana na bahari. Kisima cha kale kilichimbwa kwa mkono mpaka kufikia maji tu, na ndoo iliteka maji ya juu kabisa, kidogo kidogo. Chombo hicho kilikuwa dhaifu, na udhaifu wake ulikihifadhi kisima. Kwenye magofu ya Gedi, karibu na Malindi, kushuka kwa maji ya visima ni miongoni mwa sababu ambazo watafiti wamezitaja walipojaribu kueleza kwa nini mji ule ulihamwa.

Mgeni mmoja hutumia lita ngapi?

Mwaka 2001 mtafiti Stefan Gössling alichapisha matokeo ya uchunguzi wake juu ya matumizi ya maji ya watalii katika pwani ya mashariki ya Unguja. Alipata wastani wa lita 685 kwa mgeni mmoja kwa siku. Nyumba ndogo za wageni zilitumia lita 248 kwa mgeni, na mahoteli lita 931. Msomaji asidhani kwamba mgeni wa hoteli huoga mara nne zaidi ya mwenzake. Karibu nusu ya maji ya mahoteli yalimwagiliwa bustani, kwa sababu majani na maua ya kigeni yaliyopandwa juu ya mawe yenye matundu hayawezi kuhifadhi maji, nalo jua huyakausha upesi. Sehemu nyingine ilikwenda kwenye mabwawa ya kuogelea, umbali wa hatua chache kutoka baharini.

Tangu wakati huo idadi ya wageni imeongezeka sana. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni wa kimataifa zaidi ya 600,000. Baadhi ya mahoteli yameweka mitambo ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari. Mitambo hiyo huokoa visima, ila hudai umeme mwingi na huacha maji yenye chumvi kali ambayo lazima yatupwe mahali.

Nayo maji machafu hayapotei. Uwanda unaopitisha mvua kwa wepesi hupitisha vilevile uchafu wa makaro ya vyoo. Sehemu yake huingia katika maji ya visima, na sehemu hufika baharini, ambako naitreti na fosfeti hurutubisha miani hata ikayafunika matumbawe. Hivyo hasara humrudia hata mwenye hoteli, kwa kuwa mgeni alikuja kuyaona matumbawe hayo hayo.

Mahali pengine pwani hii tatizo lina sura tofauti kidogo. Mji wa Lamu, nchini Kenya, hutegemea maji ya mvua yaliyozama katika vilima vya mchanga vya Shela. Mchanga ule ndio unaopokea mvua, kuichuja na kuihifadhi juu ya maji ya chumvi. Anayejenga juu ya vilima hivyo kwa ajili ya mandhari nzuri anajenga juu ya tangi la mji mzima.

Kisiwa kisicho na kisima

Chumbe ni kisiwa kidogo cha hekta 22 hivi, kilomita 12 hivi kusini-magharibi ya mji wa Zanzibar. Kina mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904, msitu juu ya mawe ya matumbawe, na kaa wakubwa wa nazi ambao hutoka usiku. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar iliutangaza mwamba wa matumbawe wa upande wa magharibi kuwa hifadhi, na usimamizi ukakabidhiwa kampuni binafsi. Kisiwa hiki hakina maji matamu hata kidogo.

Upungufu huo ndio uliowalazimisha wajenzi kufikiri. Nyumba za wageni ni 7 tu. Kila paa limejengwa kwa upana wa kutosha kukinga mvua, nayo maji huchujwa na kuingia katika birika lililo chini ya sakafu. Mgeni akitaka kuoga, maji hupandishwa kwa pampu ya mkono na kupashwa moto na jua. Maji yaliyokwisha kuogewa hupita katika mchanga na kokoto, kisha katika vitalu vya mimea inayonyonya naitreti na fosfeti. Vyoo havitumii maji. Kinyesi huozeshwa pamoja na majani makavu mpaka kuwa mboji. Hakuna bwawa wala bustani ya kumwagilia. Baadhi ya walinzi wa hifadhi walikuwa wavuvi, nao huwatembeza wageni na pia wanafunzi wa shule za Zanzibar wanaopelekwa huko kujifunza.

Ni lazima kukiri kwamba kulala Chumbe ni ghali, na nyumba 7 haziwezi kutoa ajira kwa vijiji vyote vya pwani. Hata hivyo kilicho ghali pale ni upweke wa kisiwa na uchache wa wageni. Paa, mchanga, kokoto na birika ni vitu ambavyo fundi yeyote wa Makunduchi anavifahamu, na mabirika yamejengwa katika misikiti ya pwani hii kwa karne nyingi.

Hesabu na jaribio kwa darasa

Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Unguja hupata wastani wa takriban milimita 1,600 kwa mwaka, ingawa mashariki hupata pungufu ya hapo. Paa la mita za mraba 100 litapokea lita 160,000. Ikiwa moja ya tano itapotea kwa mvuke na kumwagika, zitabaki lita 128,000, sawa na lita 350 kwa siku. Kiasi hiki ni nusu tu ya matumizi ya mgeni mmoja wa wastani wa mwaka 2001. Lakini kwa watu wanaotumia lita 50 kila mmoja, paa hilo hilo lingetosheleza watu 7.

Hesabu ya pili ni ya birika. Ili kutoa lita 350 kwa siku 120 za ukavu, zahitajika lita 42,000 zilizohifadhiwa, yaani chumba chenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3.5 na kina cha mita 3. Mvua chache za kipupwe zitaruhusu birika dogo zaidi. Wanafunzi wapime paa la darasa lao, watafute kiasi cha mvua cha wilaya yao, kisha wafanye hesabu hizo mbili.

Kwa jaribio, zahitajika bilauri ya kioo, chumvi, rangi ya chakula, kijiko, na mrija mwembamba kama ule wa kalamu ya wino uliokwisha kusafishwa. Jaza nusu ya bilauri kwa maji yaliyotiwa chumvi, kiasi cha gramu 35 kwa lita. Tia rangi katika maji matamu, kisha uyamimine polepole sana juu ya mgongo wa kijiko kinachogusa uso wa maji ya chumvi. Tabaka mbili zitaonekana. Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, lichomeke kwenye mrija, na uvute maji ya rangi karibu na uso wake, tone kwa tone. Katika bilauri ya pili iliyoandaliwa vilevile, shusha mrija hadi karibu na mpaka wa tabaka hizo na uvute kwa nguvu. Mwanafunzi aangalie katika kila bilauri ni wakati gani maji yasiyo na rangi yanaanza kuingia katika bomba, na aandike ni kiasi gani cha maji ya rangi kilichobaki juu wakati huo.