Kivumbasi cha Mlandege na Mafuta Yake

Kandokando ya njia na katika mashamba yaliyoachwa huku kwetu Mlandege, Iringa, huota mmea upitao kimo cha mtoto, wenye majani ya kingo za meno. Sugua jani moja kiganjani, kisha nusa: utadhani umeshika karafuu. Hicho ndicho kivumbasi, ambacho wazee huchoma jioni ili kufukuza mbu.

Kufanana huko kwa harufu kuna sababu. Ndani ya majani mna mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujenoli, kitu chenye kaboni 10, haidrojeni 12 na oksijeni 2 katika kila molekuli. Ndiyo hiyohiyo iliyomo katika karafuu za Pemba, na waganga wa meno huitia katika dawa ya kuzibia jino kwa muda. Chogo na Crank waliandika juu ya mmea huu wa Tanzania katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1981.

Yujenoli peke yake huchemka kwa nyuzi 254 za Sentigredi. Mbona basi twaipata kwa mvuke wa maji tu? Kwa sababu mafuta na maji havichanganyiki. Kila kimoja hutoa mvuke wake, na shinikizo za mivuke hiyo miwili zikijumlishwa, vyote huchemka pamoja kabla ya kufika nyuzi 100. (Wengi wetu hukosea hapa.)

Na vijidudu je? Yujenoli huharibu utando wa bakteria hata vilivyomo ndani vikavuja. Katika maabara mafuta hudondoshwa juu ya kikaratasi cha duara, nacho huwekwa kwenye sahani ya agari iliyopandwa bakteria. Kesho yake huonekana mahali patupu kukizunguka. Lakini sahani si tumbo la mtu. Mafuta ya karafuu yaliyonywewa na watoto wadogo yamepata kudhuru maini yao. Basi asije mtu akampa mdogo wake mafuta ya kivumbasi kwa kuwa tu amesoma kwamba huua bakteria.

Tena jina kivumbasi ni la mimea zaidi ya mmoja. Ndugu yake mmoja, ambaye wataalamu wamempa jina la Kilimanjaro, hunukia kafuri, kwani mafuta yake yana kafuri kweli. Hata huu wetu, ukiota penginepo, huweza kuwa na thaimoli badala ya yujenoli. Kwa hiyo atakayeleta majani maabara alete tawi zima lenye maua, lililokandamizwa kati ya magazeti, na aandike mahali alipolichuma, mwezi, na harufu aliyoisikia.