Bumu Lisiishie Kwenye Kamera

Bumu likiingia, wapo wanaokimbilia Kariakoo kununua kamera. Ndugu msomaji, kama ndoto yako ni kupiga picha za filamu, tulia kwanza. Mwaka 2015 Sean Baker alitoa filamu ya Tangerine, iliyopigwa kwa simu za iPhone 5s zilizobandikwa lenzi ndogo ya ziada, ikaonyeshwa hadi tamasha la Sundance. Simu uliyonayo mfukoni leo huenda inaizidi ile. Anza nayo, na ujue mambo haya.

Kwanza, kasi ya fremu. Simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde, na masomo mengi ya YouTube yanatoka Marekani, ambako umeme ni wa hezi 60. Wa kwetu ni wa hezi 50, yaani taa zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Ndiyo maana ukirekodi darasani chini ya tyubu unaona michirizi inapita kwenye picha. Dawa yake: weka fremu 25 na shata 1/50. Hapo kila fremu inabeba mipigo miwili kamili ya taa, mwanga unatulia. Isitoshe, shata ikiwa mara mbili ya idadi ya fremu, mtu akitembea anaonekana wa kawaida, harushwirushwi.

Ukitoka nje saa sita mchana, shata hiyo itaunguza picha. Usiipandishe; funga filta ya ND mbele ya lenzi, ile miwani ya jua ya kamera. ND8 inapitisha sehemu moja tu ya nane ya mwanga.

Pili, ngozi zetu. Kamera ikiachwa iamue yenyewe, hupima mwanga wa fremu nzima. Ukimsimamisha mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, kamera inaona mwanga umezidi, inapunguza, na uso unakuwa doa. Mtoe hapo ukutani. Mgeuze ubavu kuelekea dirishani, tundika shuka jeupe ili jua lisimchome, kisha pima mwanga usoni na uufunge hapo hapo. Ngozi nyeusi inapendeza kwa mng'ao, na mng'ao unatokana na chanzo kikubwa na laini cha mwanga, siyo taa kali ya mbele. Ukitaka kuona inavyofanyika, tazama kazi za Bradford Young, aliyepiga Selma na Arrival. Simamisha picha, jiulize: mwanga unatoka wapi?

Tatu, mstari. Watu wawili wakizungumza, chora mstari wa kufikirika kati yao, na kamera ibaki upande mmoja. Ukiuvuka, kwenye uhariri wataonekana wote wanatazama upande mmoja, kama wanasubiri daladala.

Sasa tuje kwenye mkate. Kwenye seti kubwa hakuna anayekukabidhi kamera siku ya kwanza. Utaanza kwa kuchaji betri, kubeba stendi, kupiga ubao na kutunza kadi. Usidharau. Msaidizi ambaye hajawahi kupoteza kadi, anayenakili kazi sehemu mbili kabla ya kufuta chochote, ndiye anayepigiwa simu tena. Ukipanda unavuta fokasi, au unahamia kwenye taa, halafu ndiyo kamera.

Andaa video ya kazi zako isiyozidi dakika mbili, iliyo bora ikae mwanzo. Wasiweke machweo ya Coco Beach tu. Kila mtu anayo. Weka tukio moja lenye watu wawili, lililounganishwa vizuri, maana hilo ndilo linaloonyesha kwamba unaweza kusimulia.

Na ukiambiwa "njoo bure, utajulikana", kubali kwa masharti: nakala ya kazi, jina lako mwishoni, nauli na chakula. Yakiandikwa, hata kwa ujumbe wa WhatsApp, una pa kushika. Kazi inayomwingizia mwenzako pesa nawe ikulipe. Kodi ya chumba hailipwi kwa kujulikana.

Wikiendi hii, chukua simu, rafiki mmoja na dirisha moja. Piga uso huohuo saa moja asubuhi, saa sita na saa kumi na moja jioni. Ukishajua kwa nini picha hizo tatu hazifanani, hapo ndipo uulize bei ya kamera.