USALAMA KAZINI: Kadi ya mtandao na mlango wa seriali visigombane



Moshi wa pampu ya petroli au wa jenereta ndani ya shimo una gesi ya monoksidi ya kaboni. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, nayo huua. Kipimo cha gesi ndicho kinachotuonya. Ikiwa kipimo hicho kinapeleka namba zake kwenye kompyuta, basi kompyuta nayo ni chombo cha usalama, kama kofia na kamba.

Wafanyabiashara wa Butembo wanajulikana tangu miaka mingi kwa kuleta mali kutoka Dubai na China. Ukipata kompyuta ya zamani, iwe Musienene au kwingine, na kuiunga na kipimo cha gesi au mizani, fahamu ugonjwa huu mmoja.

Ugonjwa ni nini?

Mwendesha mashini ya kuinua kizimba hufuata kengele. Kengele za mashimo mawili zikiungwa kwenye waya mmoja, hajui ni nani anayemwita. Ndivyo ilivyo ndani ya kompyuta. Kila kifaa kina njia yake ya kuita, yenye namba. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na njia 8. Ile ya mwaka 1984 ilifikisha 16. Mlango wa seriali wa kwanza (COM1) hutumia njia ya 4, wa pili (COM2) njia ya 3. Kadi nyingi za mtandao za zamani, kama NE2000, zilitoka kiwandani zikiwa zimewekwa njia ya 3. Hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Dalili

Kipimo kinafanya kazi vizuri mpaka draiva ya mtandao inapowashwa. Kisha namba zinasimama, au mtandao unakatika. Hatari kubwa ni hii: namba iliyoganda kwenye kioo inafanana na namba nzuri.

Namna ya kutengeneza

1. Mjulishe mkubwa wa kazi. Asiingie mtu shimoni kwa kutegemea kioo hicho. Tumieni kipimo cha mkononi.
2. Andika kwenye karatasi namba ya njia na anwani ya kila kifaa.
3. Zima kompyuta na uchomoe waya wa umeme kabla ya kufungua. Kisanduku cha umeme kilicho ndani usikifungue kamwe. Hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa.
4. Hamisha kadi ya mtandao kwenye njia iliyo huru, kwa mfano ya 5 au ya 10. Badilisha kwenye kadi yenyewe na kwenye draiva pia. Ukibadilisha upande mmoja tu, mtandao hautafanya kazi.
5. Kama COM2 haitumiki, ifunge katika mipangilio ya mwanzo ya kompyuta. Njia ya 3 itakuwa huru.
6. Jaribu vyote viwili kwa wakati mmoja. Kujaribu kimoja kimoja hakuonyeshi kitu, maana ugomvi huhitaji wawili.

Na kompyuta za sasa?

Tangu Windows 95, mwaka 1995, kompyuta ilianza kugawa njia yenyewe, na kadi za baadaye zinaweza kutumia njia moja bila kugombana. Lakini kipimo kinachoungwa kwa kigeuzi cha USB kinaweza kubadilika namba ya COM ukikichomeka tundu lingine. Programu hubaki ikingoja pale pa zamani. Weka alama ya rangi kwenye tundu, na kila siku kitumike lile lile.

Kabla ya kila zamu, hakikisha saa ya kipimo kwenye kioo inatembea. Saa ikisimama, na kazi isimame.

Namba iliyokufa isikupeleke shimoni!