Furaha ya Mwalimu

Furaha ya mwalimu hutoka wapi? Haitoki katika mshahara wala katika sifa. Hutoka kwa watoto wenyewe, lakini sharti kwanza ajue kuwatazama.

Mfikirieni mwalimu kijana, mwenyeji wa Bukoba, aliyepelekwa kufundisha darasa la kwanza huko Ikungi, mkoani Singida. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia katika shule nyingi za msingi za serikali. Lakini watoto wake nyumbani husema Kinyaturu. Awauliza hesabu, nao wanyamaza. Jioni aandika barua ya kuomba uhamisho, akiamini kwamba amepewa watoto wazito wa akili.

Jumamosi moja awakuta machungani. Mtoto yule asiyejibu neno darasani alitazama kundi la mbuzi mara moja tu, akajua kwamba mmoja amepotea, tena ni yupi. Kumbe akili ipo. Iliyokosekana ni njia ya kuifikia! Jumatatu mwalimu alianza hesabu kwa mbuzi. Akawaomba wamfundishe kuhesabu kwa Kinyaturu. Akakosea, wakacheka, naye akacheka. Kisha wao wakamfuata kwa Kiswahili: moja, mbili, tatu. Barua ile haikupelekwa.

Wazazi, msimkatie tamaa mtoto anyamazaye. Nanyi walimu, msimwite mjinga kabla hamjajifunza kwake. Kipaji cha mtoto hutafutwa. Naye akitafutaye kwa subira ndiye aipataye furaha ya kazi yake.