DENI LA KIJANA NA NJIA YA KULILIPA

Somo kwa vijana waliopata kipaimara, na kwa wazee wao
Someni: 2 Wafalme 4:1–7, Kumbukumbu la Torati 24:6–13, Warumi 13:7–8

Katika sharika zetu wako vijana wengi wenye mikono ya kazi na nia njema, nao wamefungwa na deni. Mmoja alikopa ili anunue vyombo vya ufundi wake. Mwingine alikopa mama yake alipougua. Mwingine alikopa kwa ajili ya arusi, asije akaonekana mnyonge mbele ya rafiki zake. Sababu zao ni mbalimbali, lakini taabu yao ni moja: usiku hawalali, na mchana hupita njia za nyuma wasikutane na mwenye kuwadai. Wengine wameacha hata kuja ibadani, kwa kuwa mtu yule huketi kiti cha mbele. Jambo hili si dogo, maana deni linalofichwa humtenga mtu na ndugu zake. Basi na tujifunze pamoja jinsi kijana Mkristo apasavyo kulichukua deni lake mpaka alimalize.

1. Deni ni neno la haki.

Maandiko hayasemi kwamba kila akopaye ametenda dhambi. Yule mjane aliyemlilia Elisha alikuwa ameachiwa deni na mume aliyemcha Mungu, mmoja wa wana wa manabii. Kwa hiyo tusiwe wepesi kumhukumu mwenye deni, kana kwamba kila deni limezaliwa na anasa. Lakini Zaburi ya 37, katika aya ya 21, yamhesabu kuwa mwovu mtu akopaye wala asilipe. Tofauti iko hapo: si katika kukopa, bali katika kutolipa.

Katekisimo Ndogo, aliyoiandika Martin Luther mwaka 1529, yatufundisha katika amri ya saba kwamba kutokuiba ni zaidi ya kutoingiza mkono katika mfuko wa mwenzetu. Twapaswa pia kumsaidia ailinde mali yake na riziki yake. Fedha tuliyoikopa ni sehemu ya riziki ya mtu. Mwenye duka aliyetukopesha unga naye ana watoto. Rafiki aliyetupa akiba yake alikuwa na shauri lake nayo. Tukikaa kimya mwezi baada ya mwezi, twala chakula cha watu hao bila ruhusa yao.

2. Mjane alifanya nini?

Tuangalie kwa utaratibu habari ya mjane yule, maana ndani yake mna hatua nne.

Kwanza, alisema. Hakungoja mpaka wanawe wachukuliwe utumwani, bali alikwenda kwa mtu wa Mungu akaeleza shida yake yote. Kijana mwenye deni na amtafute mtu mmoja mwaminifu, mzazi, au mwinjilisti, au mzee wa kanisa, akamwambie hesabu yote pasipo kupunguza hata shilingi moja.

Pili, aliulizwa ana nini nyumbani. Nabii hakuanza na kile alichokikosa, alianza na chupa ndogo ya mafuta. Vivyo hivyo kijana na ajiulize: nina ufundi gani? Nina saa ngapi za jioni? Nina kitu gani ninachoweza kukiuza bila kuiharibu kazi yangu?

Tatu, alifanya kazi pamoja na wanawe, na mlango umefungwa. Kulipa deni ni kazi ya siri na ya subira. Haina shangwe wala watazamaji.

Nne, aliamriwa auze mafuta, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kile kilichosalia. Tena na tuutazame mpango huo. Wengi wetu huishi kwanza, kisha hulipa kama kikisalia kitu. Na aghalabu hakisalii.

3. Hesabu ya deni.

Nia njema pasipo hesabu huchoka upesi. Tuchukue mfano wa binti fundi wa kushona, ambaye kila mwezi hupata shilingi 240,000. Kodi ya chumba, chakula na nauli humgharimu 150,000, zinabaki 90,000. Anadaiwa na watu watatu: mwenye duka 50,000, rafiki yake 120,000, na mkopeshaji wa mtaani 100,000. Wawili wa kwanza hawatozi kitu. Yule wa tatu hutoza riba ya 30 kwa mia kila mwezi.

Kama binti huyu akizigawa zile 90,000 sawasawa, kila mmoja atapata 30,000. Aonekana kuwa mwenye haki, lakini ile 30,000 ya mkopeshaji yote ni riba, na deni lenyewe hukaa vile vile. Mtu alipaye hivyo kwa miezi kumi atakuwa ametoa 300,000, naye bado anadaiwa 100,000. Ndiyo maana watu wameita mikopo ya namna hii kausha damu.

Sasa na aende kwa mwenye duka na kwa rafiki yake, awaeleze mambo wazi, akaombe muda. Kila mmoja ampe 5,000 kwa mwezi, iwe ishara ya kwamba hakuwasahau, na 80,000 azipeleke kwa mkopeshaji. Mwezi wa kwanza deni la 130,000 lapungua mpaka 50,000. Mwezi wa pili zile 50,000 zimekuwa 65,000. Azilipa zote, na 25,000 zilizosalia awagawia wale wawili. Mwezi wa tatu awapa 90,000. Na katika mwezi wa nne zinabaki 45,000 tu, nusu ya akiba yake ya mwezi. Hapo yu huru.

Lakini na tuangalie sana jambo moja. Mpango huu ni wa haki kwa sababu rafiki na mwenye duka waliombwa, wakakubali. Mtu akiwaacha kimya, akamlipa kwanza yule apigaye kelele, amewaadhibu wapole kwa ajili ya upole wao. Tena kila malipo yaandikwe katika daftari mbili, ya mwenye kulipa na ya mwenye kulipwa. Mtume Paulo mwenyewe, alipojitwika deni la Onesimo, aliandika kwa mkono wake kwamba atalipa.

4. Sadaka, michango na mikopo mipya.

Vijana huuliza: je, mwenye deni atoe sadaka? Twajibu: atoe kwa kadiri ya alicho nacho, wala asikope ili atoe. Katika Marko 7 Bwana wetu aliwakemea wale waliotumia zawadi ya hekaluni kuwa kisingizio cha kuwanyima wazazi haki yao. Habari ya michango ya arusi na sherehe ni nyepesi zaidi: mwenye deni ana ruhusa kusema, “Mwaka huu siwezi.” Neno hilo halimwaibishi mtu.

Kukopa ili kulipa deni jingine ni hatari, isipokuwa mkopo mpya una riba ndogo kweli, na masharti yake yameandikwa. Hasa na tujihadhari na mikopo ya kwenye simu, ipatikanayo kwa dakika chache. Katika Tanzania Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 yawataka wakopeshaji wawe na leseni. Na mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Wako waliopata aibu kubwa kwa mikopo ya jinsi hii, kwa kuwa mkopeshaji aliwapigia simu jamaa na wakubwa wao wa kazi kutangaza deni. Torati yamwamuru mkopeshaji asimame nje ya nyumba ya mdaiwa. Wala hana ruhusa kutwaa jiwe la kusagia kuwa rehani, maana ni uhai wa mtu. Je, mkopeshaji Mkristo atalitwaa cherehani la binti fundi? Amlipe kwa nini, ikiwa amemnyang'anya chombo cha kumpatia malipo?

5. Kazi ya usharika.

Luther, katika kitabu chake cha mwaka 1524 juu ya biashara na riba, aliwaonya Wakristo wasijitie ovyo katika udhamini, maana mdhamini huahidi mambo ya kesho ambayo hayamo mkononi mwake. Lakini onyo hilo halituruhusu kufumba macho. Huko Ujerumani, wakati wa njaa ya mwaka 1846 na 1847, Friedrich Wilhelm Raiffeisen, Mkristo wa Kiinjili aliyekuwa mkuu wa serikali ya mahali huko Weyerbusch, aliunda chama cha mkate, ili maskini wapate chakula sasa na kulipa baadaye. Hatimaye aliona ya kuwa ukarimu wa matajiri peke yake hautoshi. Na mwaka 1864 huko Heddesdorf alianzisha chama cha mikopo ambamo wanachama wenyewe walichukuliana mzigo. Vyama vya akiba na mikopo vya siku hizi, tunavyoviita SACCOS, vina asili yao katika kazi za namna hiyo. Usharika wenye chama kama hicho, chenye hesabu safi, humwokoa kijana asianguke mikononi mwa wakausha damu.

Paulo awaandikia Warumi kwamba lisibaki deni lo lote ila lile la kupendana. Deni la fedha lina mwisho, na siku ya mwisho wake ni siku ya furaha. Deni la upendo twaendelea kulilipa, mwenye kudai na mwenye kudaiwa, mpaka Bwana atakapokuja.

Maswali ya kuzungumza
1. Kwa nini nabii alimwuliza mjane ana nini nyumbani, kabla ya kumpa msaada?
2. Katika mfano wa binti fundi, ni nani angalidhulumiwa kama wale wawili wasingaliombwa?
3. Katika usharika wetu, kijana mwenye deni aweza kumwendea nani bila hofu? Kama hayuko, tufanyeje?