Tembe ya kisukari iliyomwongezea mama uzito

Mama mmoja wa miaka 52 alirudi kliniki akiwa amekasirika. Miezi minne kabla ya hapo nilikuwa nimemwongezea tembe za pioglitazoni juu ya metformini aliyokuwa akimeza. Sukari ilikuwa imeshuka vizuri, lakini mizani ilionyesha kilo tatu zaidi.

"Daktari, unaniambia nipunguze mwili, kisha unanipa dawa ya kuninenepesha?"

Alikuwa ameziacha tembe hizo kwa wiki tatu bila kuniambia, na sukari ilikuwa imeanza kupanda tena.

Swali lake lilikuwa la haki, na jibu limo ndani ya seli. Karibu kila seli ina kiini, na ndani ya kiini mna jeni, yaani maagizo ya kutengeneza protini. Seli ya ini na seli ya mafuta zina jeni zile zile. Kinachozitofautisha ni jeni zipi zimewashwa na zipi zimezimwa.

Insulini hubisha hodi nje ya seli na kupokelewa pale pale mlangoni. Mafuta hayabishi, hupenya ukuta na kuingia. Ndiyo sababu vipokezi vyake viko ndani kabisa, kwenye kiini. Binadamu ana vipokezi 48 vya jamaa hii, vikiwemo vya vitamini D na vya homoni ya tezi ya shingo. Vinavyohusika hasa na mafuta huitwa PPAR. Kipokezi hicho hushikana na mwenzake, RXR, na wawili hao hukaa juu ya DNA karibu na jeni. Asidi ya mafuta ikiingia katika PPAR, umbo la kipokezi hubadilika, protini zilizokuwa zikiizima jeni huachiliwa, na jeni huanza kusomwa.

PPAR ya kwanza, alfa, hufanya kazi zaidi katika ini. Ukila chajio saa mbili usiku na usitie kitu kinywani hadi asubuhi, mafuta hutoka akibani na kufika kwenye ini. Alfa huyatambua na kuwasha jeni za kuyachoma. Mwaka wa 1999 watafiti walieleza jinsi panya wasio na jeni ya alfa walivyofungishwa kula: maini yao yalijaa mafuta na sukari yao ikaanguka. Fenofibrati, dawa ya kupunguza trigliseridi katika damu, humwamsha huyu alfa.

Ya pili, gama, ina tabia nyingine kabisa. Makazi yake hasa ni kwenye seli za mafuta, na kazi yake ni kuweka akiba. Huwasha jeni za kuunda seli mpya za mafuta na za kuvuta mafuta kutoka kwenye damu. Mwaka wa 1995 ilibainika kwamba dawa za jamii ya pioglitazoni hukamata kipokezi hiki. Mafuta yaliyokuwa yamezagaa katika ini na misuli, yakiizuia insulini kufanya kazi, huhamishiwa chini ya ngozi. Sukari hushuka, nguo hubana. Kwa kuwa jeni lazima zisomwe kwanza na protini zitengenezwe, manufaa kamili huchukua wiki kadhaa, hata miezi mitatu. Wengi hukata tamaa mapema mno.

Lakini si uzito wote ni mafuta. Gama yupo pia katika figo, na akiamshwa huzifanya zizuie chumvi na maji. Hapo ndipo penye hatari. Mwenye moyo dhaifu hapaswi kupewa dawa hii, wala aliyewahi kuugua saratani ya kibofu cha mkojo. Ukiimeza na vifundo vya miguu vikavimba, au uzito ukapanda ghafla kwa siku chache, au pumzi ikakubana ukilala chali, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo. Na usimgawie jirani tembe zako kwa kuwa naye ana kisukari. Humjui moyo wake.

Nilimkagua mama yule. Miguu haikuwa imevimba, na moyo na mapafu yalikuwa sawa. Tulikubaliana aanze tena kwa kipimo cha chini na apunguze chumvi. Sasa hujipima uzito kila Jumatatu kabla ya chai, na huniletea daftari lake bila kununa.